Sekunde 24 za kusubiri fotokopi: namna ya kucheza vigemu vya michezo bila kuua kibodi ya Mama Printa

Kitufe cha spesi kwenye kompyuta ya pili dukani kwangu kilikufa Jumanne moja saa tano asubuhi, mbele ya foleni ya watu sita. Aliyekiua ni mpwa wangu wa kidato cha pili. Alikuwa anaruka viunzi. Baba mmoja akakaa baada yake kuchapa barua mwenyewe, hakulalamika, na alipomaliza nikamtolea karatasi yenye kichwa kinachosomeka YAHMAOMBIYAKAZIYAUDEREVA. Aliitazama, akanitazama. Nilijizuia mpaka alipovuka barabara.

Ndiyo maana naandika. Watu wananiuliza kila wiki, "Mama Printa, ile ya kikapu unaingiaje?" Nimechoka kuonyesha huku nimeshika karatasi za mtu.

Nina steshenari ndogo Chikongola, Mtwara mjini: fotokopi, kuskani, laminesheni, picha za pasipoti, na kompyuta tatu za mtumba za kukodisha. Msimu wa minada ya korosho, Oktoba mpaka Desemba, sina hata nafasi ya kunywa chai. Miezi mingine kuna saa nzima inapita anaingia mtu mmoja kununua kalamu. Kabla ya printa nilikuwa GS, mfungaji wa mpira wa pete, nikaishia mashindano ya mkoa kwa sababu ya goti. Goti nalitaja kwa kuwa nusu ya ninayoyajua kuhusu kile kigemu cha kikapu nilifundishwa kwenye vumbi la uwanja wa shule, na mwalimu mwenye filimbi shingoni.

Vigemu vyenyewe na mahali vilipo

Nazungumzia vinne tu, vyote vya Google. Olimpiki ya London ilianza 27 Julai 2012 ikaisha 12 Agosti, na katikati hapo Google wakawa wanaweka kigemu mahali pa jina lao kwenye ukurasa wa kutafutia. Tarehe 7 Agosti mbio za viunzi, tarehe 8 kikapu, tarehe 9 mtumbwi, tarehe 10 golikipa. Siku ya kikapu mimi nilikuwa intaneti kafe, nasubiri ukurasa wa udahili wa chuo ufunguke. Nililipia saa moja. Dakika kama 50 zilikwenda kwenye kutupa mpira. Chuo nilipata mwaka uliofuata, na mama yangu hadi leo anaamini kosa lilikuwa la mtandao.

Vyote vinne bado vipo, kwenye hifadhi ya Google Doodles, ndilo jina la hayo wanayoweka mahali pa jina lao. Fungua Google, andika "Google Doodle Basketball 2012", ubonyeze jibu la hifadhi yenyewe. Utaona picha yenye alama ya kuchezea, pembetatu iliyolala. Bonyeza hapo. Kwa vingine badilisha neno moja tu: Hurdles ni viunzi, Soccer ni golikipa, Slalom Canoe ni mtumbwi. Huna cha kupakua wala cha kujisajili, na namba ya simu haiulizwi.

Hilo la namba lishike. Ukiandika tu "gemu la penalti" utaletewa kurasa chungu nzima, na baadhi yake penalti ni mlango tu, ndani ni kubeti. Ukurasa ukikuomba namba ya simu, au ukikwambia umeshinda kitu kabla hujagusa mpira, ufunge. Bodaboda mmoja wa hapa kijiweni aliniambia, "Dada, hii inataka nihakiki laini yangu." Nilimfungia mwenyewe kwa mkono wangu, akanuna mpaka jioni.

Na ukikuta ukurasa unakwambia uweke Flash kwanza, ondoka. Flash ilikuwa ndiyo injini ya magemu ya mtandaoni enzi zetu, ila Adobe waliacha kuihudumia tarehe 31 Desemba 2020. Anayekupa ya kupakua leo anakupa kitu kingine. Mimi nilikuwa na orodha ya magemu kumi na kitu nimeyahifadhi kwenye kompyuta ya kwanza, yote yakageuka miraba ya kijivu. Lilikuwepo moja la mpira wa ufukweni nililolipenda mno, wala jina lake silikumbuki sawasawa.

Kuhusu bando: kigemu kikishafunguka, kinachezwa ndani ya kompyuta yako. Gharama iko kwenye kukifungua. Kwa hiyo wewe unayetumia hotispoti ya simu, fungua mara moja ucheze raundi zako ukurasa ukiwa wazi. Wenzangu na mie wanafunga na kufungua kila raundi, kisha wanasema kigemu kinakula bando.

Kikapu

Hapa nitakaa, maana hapa ni kwangu.

Kanuni ni moja. Bonyeza spesi ushikilie, nguvu ya mtupo inapanda, achia, mpira unaondoka. Saa inahesabu sekunde 24, muda uleule ambao timu ya kikapu ya kweli inapewa kupiga kabla haijanyang'anywa mpira. Sekunde zikiisha, unahesabiwa alama zako na nyota. Kazi iko kwenye yule mchezaji wako: haachwi pale karibu na goli, anarudishwa nyuma kadiri muda unavyokwenda. Nguvu iliyokupa vikapu mwanzo haitakufaa mwishoni.

Anza na kukaa. Usisimame, usiinamie kibodi kama unayepuliza jiko la mkaa. Kalisha kiganja mezani, dole gumba katikati ya spesi, katikati kabisa. Vidole vingine vilale.

Raundi tatu za kwanza usihesabu alama. Unatafuta hesabu yako. Uwanjani mwalimu alikuwa akituimbisha, "Magoti, kiwiko, kiganja," na mpira unatoka kwenye neno la tatu, si kabla, si baada. Kigemu hiki nacho kinataka wimbo. Mimi nasema kimoyomoyo "mo-ja", naachia kwenye "ja". Mpira ukianguka mbele ya goli, hesabu yangu ni fupi, nairefusha: "mo-o-ja". Ukipita juu, naifupisha. Mchezaji akirudi nyuma, silabi inavutika tena. Mpwa wangu anatumia "ko-ro-sho" na anaachia kwenye "ro" akiwa karibu, "sho" akiwa mbali. Binti wa jirani anahesabu kwa Kimakonde na ananishinda, basi chukua lugha yoyote. La msingi uhesabu kwa sikio. Ukihesabu kwa jicho unachelewa, kwa sababu jicho linangoja kuona ndipo limwambie kidole.

Sasa kosa wanalofanya wote, hata wenye akili zao: wakishatupa wanautazama mpira. Unapaa, unashuka, unagonga, unaingia, wanashangilia, ndipo wanabonyeza tena. Sekunde 24 hazina nafasi ya tamasha. Ukishaachia, dole gumba lirudi kazini. Kama ulikosa utajua kwa pembe ya jicho, utarekebisha kwenye mtupo unaofuata. Sisi wa mpira wa pete tulikaripiwa kwa kusimama kutazama mpira wetu, kwa sababu ukigonga pete ukarudi, beki ameshauchukua. Hapa hakuna beki, ila saa ni mbaya kuliko beki.

Wavulana wa kikapu hupenda kuja hapa kunidharau, kwamba netiboli si kitu. Nawapa namba. Pete yao na pete yetu ziko juu sawasawa, mita 3.05. Ya kwao ina upana wa sentimita 45, ya kwetu 38. Wao wana ubao nyuma wa kuegemeza mpira, sisi hatuna, ni pete na mlingoti na upepo wa bahari. Na mpira tunaruhusiwa kuushika sekunde 3 tu. Baada ya hapo nawaachia kiti wacheze, wakipata kumi na tatu nawauliza kama wanataka maji.

Jambo la mashine. Kompyuta nzito inachelewa kusikia kidole, na hapo hesabu yako yote inaharibika bila kosa lako. Kabla hujacheza, funga kurasa nyingine, hasa yenye video. Printa ikiwa inatoa kurasa 60 za mtu kutoka kompyuta hiyohiyo, subiri imalize. Ukiona bado inachelewa kwa kiasi kilekile kila mara, achia mapema kidogo, utazoea. Ikiwa inachelewa leo, kesho haichelewi, tatizo ni mashine na huna cha kufanya, hamia ya tatu.

Viunzi, yaani pale spesi yangu ilipofia

Hapa unakimbia kwa vitufe vya mishale, kushoto na kulia kwa zamu, na kuruka ni spesi. Kadiri zamu zinavyokwenda haraka ndivyo mkimbiaji wako anavyokimbia.

Neno ni zamu. Watoto wanagonga vyote viwili pamoja kwa ngumi. Hiyo si mbio, ni kutwanga. Weka kidole cha shahada cha mkono wa kulia kwenye mshale wa kushoto, cha kati kwenye mshale wa kulia, uvitembeze kama miguu ya kuku anayekimbia mvua: vyepesi, havipandi juu. Mkono wa kushoto una kazi moja, dole gumba kwenye spesi.

Kisha hili ambalo hakuna aliyemwambia mpwa wangu. Kibodi za bei ndogo zina udhaifu: ukishikilia vitufe viwili na kubonyeza cha tatu, hicho cha tatu huenda kisisikike. Mtoto ana mishale yote miwili chini, anapiga spesi, mkimbiaji haruki, anagonga kiunzi. Anaona spesi haisikii, anaongeza nguvu. Anaongeza tena. Kumbe ilitakiwa anyanyue vidole kwenye mishale kwanza, kitambo kidogo tu, ndipo abonyeze. Jaribu hivyo uone tofauti.

Na spesi si kitufe kama vingine. Kwa kuwa ni ndefu, chini yake kuna waya mwembamba uliokunjwa, unaoifanya ishuke sawa pande zote mbili. Ukiipiga kwa nguvu kwenye ncha moja, waya unachomoka kwenye vishikizo vyake. Hapo upande mmoja utabonyea na mwingine utabaki juu kama meza yenye mguu mfupi. Ukichomoka tu, unarudishwa: ng'oa kitufe taratibu kwa bisibisi bapa, rudisha waya kwenye vishikizo, gandamiza. Vishikizo vikivunjika, nunua kibodi. Vyangu vilivunjika. Mpwa wangu alifagia duka wiki nne, na nilichomkata ni heshima zaidi kuliko pesa, kwa sababu alifagia mbele ya wasichana wa darasani kwake waliokuja kudurufu notsi.

Viunzi hivi ndivyo vinavyonikumbusha kwamba Tanzania mpaka naandika hapa ina medali mbili tu za Olimpiki, zote fedha, zote za Moscow 1980. Suleiman Nyambui mita 5000, na Filbert Bayi mita 3000 za kuruka viunzi na maji. Nilimwambia mpwa wangu kwamba ya Bayi ilikuwa na viunzi ambavyo ukivigonga havianguki. Akauliza, "Shangazi, sasa spesi alibonyeza wapi?" Nilimtuma akanunue maji.

Mtumbwi

Mishale, unapiga kasia, unapita kwenye milango mtoni. Siuwezi. Niliyemwona anauweza nusu ni fundi simu wa jirani. Mvuvi mmoja anayevuka kutoka Msangamkuu karibu kila siku aliketi kwa kujiamini, akagonga ukingo, akagonga tena, akasema mto huo hauna adabu. Aliondoka na fotokopi zake na hakurudia. Pita.

Golikipa

Mzee mmoja wa Nanyamba huja kwangu msimu wa korosho na stakabadhi zake zote kwenye mfuko wa nailoni, anataka kila moja nakala mbili. Siku hiyo umeme ulikuwa unakwenda na kurudi, mashine ya fotokopi inataka kupata moto upya kila mara, nikamwambia, "Mzee wangu, kaa hapa, utazame." Kompyuta ya tatu, laptopu yenye betri nzima, ilikuwa na kigemu cha golikipa.

Alitazama kidogo. "Binti, huyu anadaka?"

"Anadaka, Mzee. Mishale ya kushoto na kulia anatembea, spesi anaruka. Ukifungwa mara tatu umekwisha."

Akavua kofia akaiweka juu ya stakabadhi. Ujanani alidakia timu ya kijiji, na Ndanda, timu ya mpira ya Mtwara, ilipopanda Ligi Kuu mwaka 2014 anasema hakuna mechi ya nyumbani aliyoikosa pale uwanja wa Nangwanda Sijaona. Raundi ya kwanza alifungwa haraka kama sisi sote, kwa sababu vidole vilikuwa havijui vitufe. Raundi ya pili alinifundisha mimi.

La kwanza, kati. Ukishaokoa mpira kulia, usibaki kulia ukijipongeza, rudi katikati ya goli kabla mpigaji hajafika. "Kipa anayekaa kwenye mlingoti ameshafungwa, anasubiri kuambiwa." Nilikuwa nacheza mwaka mzima bila kugundua kwamba mabao yangu mengi yaliingia upande niliouacha wazi baada ya kuokoa.

La pili, miguu. Sote tulikuwa tunatazama mpira. Yeye alikuwa anamtazama mpigaji anavyoukaribia, na anaanza kusogea mpira ukiwa ndiyo kwanza umetoka mguuni. Kusogea tu, hajaruka. Kuruka ni baadaye.

Hilo ndilo la tatu, kuruka kwa kuchelewa. Spesi ya mapema ni ugonjwa wa watoto. Ukiruka mapema, mpira wa chini unapita ulipokuwa umesimama. Mzee alikuwa anatembea kwa mshale mpaka afike chini ya mpira, na akiruka ni kwa ule wa juu peke yake. Kila aliporuka, magoti yake yalikunjuka kwenye kiti. Dada aliyekuja kupiga picha ya pasipoti alikaa akamtazama, picha ikasahaulika.

Mipira inavyozidi kasi hakuna maarifa tena, ni bahati na pumzi. Umeme uliporudi nilimwambia nakala ziko tayari. Akasema, "Ngoja kwanza."

Mtandao ukikata kabisa

Mei 2024 ulikuwa mwezi wa majaribu. Mwanzoni kilipita Kimbunga Hidaya, na tarehe 12 mikongo ya chini ya bahari, EASSy na Seacom, ikapata hitilafu, intaneti ikalala. Duka la intaneti bila intaneti ni chumba chenye feni. Hapo ndipo kila aliyefungua Chrome akakutana na yule mjusi mkubwa wa kale.

Huyo naye anahesabika, kwa sababu anachofanya ni mbio za viunzi. Ukurasa ukikwambia hakuna mtandao na ukamwona amesimama, bonyeza spesi. Anakimbia jangwani, unamrusha juu ya madungusi kakati, na mbele kidogo ndege wanaanza kuja kichwani: mshale wa chini unamwinamisha. Kwenye simu unagusa kioo tu. Mtandao ukiwepo nawe unamtaka, andika chrome://dino pale panapoandikwa anwani. Ushauri wangu ni mmoja, usiruke mapema kwa hofu. Anavyozidi kasi, mruko wa mapema unamtua juu ya dungusi la pili. Siku zile tulifika watu tisa kwenye laptopu moja, na sikutoza mtu.

Ligi ya foleni

Peke yako kigemu hiki kinachosha baada ya dakika kumi, nakwambia ukweli. Utamu wake unataka mtu wa pili begani kwako anayesema "utakosa". Kwa hiyo tunacheza hivi.

Kikapu, kwa sababu kila mtu anapata muda sawa. Watu watano, raundi moja kila mmoja, ni sekunde 120, dakika mbili za mchezo wenyewe, na kupeana kiti kunaongeza nyingine mbili au tatu. Huo ndio muda wa nakala za vyeti vya mtu mmoja. Kila mmoja raundi moja ya kuonja, isiyoandikwa. Kisha raundi mbili za kweli, inachukuliwa iliyo kubwa. Alama zinaandikwa kwa makapeni kwenye kifuniko cha boksi la karatasi za A4. Mchezaji akiwa kwenye kiti haguswi bega wala meza haitikiswi. Kelele ruksa.

Pesa haziwekwi. Niliwahi kuruhusu mia mia, ikawa mia tano, ikawa ugomvi wa kama kidole kilibonyeza kabla. Sasa wa mwisho ananunua fungu la ming'oko, vile viazi vya porini vya kwetu, kwa mama anayepita na beseni, wote tunakula pale nje kwa chumvi na pilipili. Anayekula ming'oko hagusi kibodi mpaka anawe. Sheria hii ina historia ndefu.

Wadogo wape raundi ya ziada. Wazee usiwape, watakasirika.

Rekodi yangu kwenye kifuniko ni 29, na chini yake kuna 27 ya binti wa jirani, imepigiwa mstari na yeye mwenyewe mara mbili.

Mteja akiingia

Shikilia Ctrl, gusa W. Ukurasa wa kigemu unafungwa peke yake, fomu ya mtu uliyokuwa umeiacha nyuma inabaki wazi. Usihangaike na kipanya kutafuta kialama cha kufungia huku mteja anakutazama. Msalimie, mhudumie, mpe chenji yake, mwambie karibu tena. Akishavuka mlango shikilia Ctrl na Shift, gusa T. Ukurasa unarudi, mchezaji amesimama karibu na goli, mpira mkononi, saa haijaanza.